Mnatembea kwa Nani? Siku Tano za Miguu Kisiwani Idjwi

Nimezaliwa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mtaa wa Nguba, katika nyumba ambayo dirisha lake la jikoni linatazama ziwa Kivu. Mvua za Aprili zikishaosha hewa, mgongo wa Idjwi unaonekana kule kaskazini, wa buluu, umelala kama ng'ombe aliyeshiba. Julai ikifika, moshi wa mashamba na vumbi la kiangazi vinaufunika, na kisiwa kinakuwa kama hakijawahi kuwepo. Kwa miaka arobaini na moja nimekiona kikija na kutoweka hivyo, na sikuwahi kukikanyaga. Mananasi yake nimekula, maharage yake nimekula, na darasani nimekichora ubaoni mara nyingi mpaka mkono unazijua ghuba zake kuliko macho. Mwalimu wa jiografia mzima.

Mwaka 2022 shule zilipofunga, nilimwambia binamu yangu, ambaye hutengeneza simu pale Nyawera, kwamba nataka kukipita kisiwa chote kwa miguu, kutoka kusini hadi kaskazini. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 40. Akauliza nani ametuita. Nikasema hakuna. Akauliza tena, mara hii taratibu, kama anayesema na mgonjwa. Mwishowe alikubali, nadhani kwa sababu viatu nilimnunulia mimi.

Siku ya kwanza, Jumatatu 11 Julai

Boti letu la mbao lilikuwa liondoke Beach Muhanzi saa mbili asubuhi. Liliondoka saa nne na nusu, limebeba mabati, saruji, kreti za bia, magodoro manne na sisi. Kila abiria alivishwa jaketi la kuelea. Tangu ile ajali ya Aprili 2019, watu zaidi ya mia moja walipopotea ziwani upande wa Kalehe, jambo hilo halina mjadala, angalau mpaka boti litoke machoni pa wakaguzi. Hatujamaliza kuipita rasi ya mwisho, nusu ya abiria walikuwa wameyakalia majaketi yao. Mimi langu sikulivua. Lilinuka samaki na jasho la watu wengine.

Nyuma yetu Bukavu ilibaki na rasi zake tano zilizochovywa majini kama vidole, na kando yake mdomo wa Ruzizi, ambako ziwa hutokea kwenda Tanganyika. Nilimweleza binamu kwamba zamani maji ya huku yalielekea kaskazini, upande wa mto Nile. Volkano za Virunga zikaziba njia, ziwa likapanda na kupanda, mpaka miaka kama elfu kumi iliyopita likapata upenyo huku kwetu. Yeye alikuwa anaangalia chupa za plastiki zinazoelea kuelekea huko huko Ruzizi, zikazibe mitambo ya umeme kama kawaida yake.

"Kwa hiyo, yaya, ziwa lilikosa njia likazunguka nyuma ya nyumba," akasema. Yaya kwetu ni dada mkubwa. Nimeiba maneno hayo, sasa nayatumia darasani.

Mzee aliyekaa juu ya mifuko ya saruji alikuwa anasikiliza. "Madamu, ni kweli hii maji iko na moto ndani?"

Nikamwambia si moto, ni gesi. Chini kabisa, kwenye kina kinachofika mita 480 hivi, metani na kaboni dioksidi zimekandamizwa na uzito wa maji. Samaki wanaishi huku juu tu, kwenye mita kama 60 za kwanza, kwa maana chini ya hapo hawana cha kupumua. Mzee akatikisa kichwa. Kwao ni Sake, akasema, na huko mashimo yenye hewa mbaya inayoua mbuzi na watoto wanayaita mazuku tangu enzi za mababu, hakungoja mwalimu amwambie kuwa ardhi inapumua. Nikamjulisha kwamba neno lake hilo, mazuku, wataalamu wa volkano wa nchi nyingi wanaliandika hivyo hivyo bila kulitafsiri. Alifurahi sana. Akauliza kama wanalilipia.

Saa tisa alasiri tulishuka gatini. Kulikuwa na meza, daftari, na kijana aliyeandika majina yetu polepole mpaka akafika kwenye safu ya sababu ya safari.

"Kutembea," nikasema.

"Kutembea kwa nani?"

Hapo lugha ikanikamata. Kwetu kutembea ni kwenda kuona mtu. Unatembea kwa shangazi, unatembea kwa mgonjwa, unatembea kwa rafiki aliyejifungua. Miguu ni chombo tu, kama boti. Nikajaribu upya: tunatembea tu, tunaangalia kisiwa, tutafika kaskazini kisha turudi Bukavu. Akanitazama, akamtazama binamu, akavitazama viatu vyetu vipya.

"Muko batu ya ONG?" Yaani wa mashirika ya misaada.

"Hapana."

"Ya madini?"

"Hapana."

"Basi muko batu ya nini?"

Binamu alichoka kabla yangu. "Tunatembea kwa familia," akasema. Kijana akaandika familia, akafunga daftari, akaomba kitu kidogo cha kununulia kalamu nyingine. Tulipanda mwendo wa saa moja hivi mpaka nyumba ya wageni ya parokia, tukala bugali na lengalenga, tukalala saa mbili kama kuku.

Siku ya pili

Ramani yangu ya ubaoni ina uongo mmoja mkubwa: haina milima. Kando ya maji tayari uko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mgongo wa kati unapita mita 2,000. Nilikuwa nimejiandaa kwa njia za porini, yaani nimenunua hata filimbi ya kupigia nikipotea. Pori lenyewe liko wapi? Ukiondoa msitu uliobaki kwenye vilele vya kusini, kila mteremko una jembe juu yake. Idjwi ni kisiwa cha pili kwa ukubwa katika maziwa ya Afrika, baada ya Ukerewe, lakini ukubwa wenyewe ni kama kilomita za mraba 300, na juu yake wanaishi watu zaidi ya laki mbili. Njia zake zimechorwa na madumu ya maji na ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Zinapita nyuma ya jikoni, katikati ya migomba, uani kwa mtu anayepiga mswaki, na kila zinapopita ni lazima usalimu. Jambo papa, jambo mama, jambo bana. Kufikia saa sita nilikuwa nimesalimu watu wengi kuliko ninaowasalimu Bukavu kwa mwezi, na sauti inakauka.

Na kila salamu ilikuwa na mkia. Munaenda wapi? Kaskazini. Kwa nani? Hapo tunaanza kugugumia.

Binamu alituletea balaa kwa simu. Alikuwa ameweka programu inayochora njia unayopita, na kila kilima aliinyanyua hewani kutafuta mtandao. Mzee mmoja aliyekuwa anapogoa migomba akateremka na panga lake mkononi, bila haraka.

"Unapima nini?"

Sikumlaumu, tangu hapo hadi leo. Kisiwa hakiongezeki. Baba anagawa shamba kwa wana watano, wana wanagawa tena, mpaka shamba linakuwa mistari ya mkeka. Mtu anayesimama juu ya kilima na kuelekeza chombo kwenye shamba lako hajawahi kuleta habari njema. Tuliongea nusu saa. Alitaka simu izimwe, ikazimwa, akaridhika, kisha yeye mwenyewe akatuonyesha njia ya mkato ambayo simu haikuijua.

Mchana tukapita kwenye mikwinini ya zamani, miti iliyopandwa enzi za wakoloni, mingine imekatwa na mingine imechipua upya kutoka kwenye visiki. Ganda lake ndilo linalotolewa kwinini, na kwetu Bukavu kiwanda cha Pharmakina kimeishi kwa ganda hilo miaka mingi. Binamu alivunja kipande akatafuna ili ajue. Alijua kwa saa mbili nzima.

Ni uchungu huo wa ganda uliotusimamisha kwenye ua mmoja kuomba maji. Mama mwenye ua, mtu mzima wa miaka sitini na kitu, alikuwa amekaa chini na ungo, anachagua maharage. Akampa binamu maji na ndizi mbivu ya kufukuzia uchungu. Kisha swali likaja, na mimi nilikuwa nimechoka kulikwepa.

"Mama, kusema kweli hatuendi kwa mtu. Tunatembea tu kwa miguu, tuone kisiwa."

Hakucheka. Alifikiri kwa muda huku vidole vikiendelea kuchagua. "Mutapita Bugarula?"

"Tutapita."

"Mutoto wangu ameolewa kule, mbele ya Bugarula. Si munatembea? Basi mutatembea kwa mutoto wangu."

Akainuka, akaingia ndani, akarudi na maharage ya mbegu. Sijui nilikuwa nimewaza nini, labda barua. Yalikuwa kama kilo nane. Alianza kunionyesha moja moja, kama mtu anayetambulisha watoto wake: haya ya njano yanaiva mapema, njaa haijakukuta. Haya mekundu yanapenda mvua. Haya meusi madogo mvua ikikatika bado yanakupa kitu. Haya ya madoadoa hayana akili lakini ni matamu. Huku kwetu Kivu wakulima wengi wanapanda mchanganyiko, aina nyingi katika shimo za shamba moja, ili mwaka uwe wa jua au wa mvua pawepo chakula, na kila nyumba ina mchanganyiko wake unaotoka kwa mama kwenda kwa binti. Binti wake mwaka jana alikula mbegu zake. Hakusema kwa nini. Kupanda ni Septemba.

Alivua kikwembe mabegani kwake, akafunga maharage humo fundo mbili, akalijaribu fundo kwa meno.

"Yasilowe," akasema. Hilo tu.

Siku ya tatu

Kilo nane si kitu kwa nusu saa ya kwanza. Nyumbani nilikuwa nimekata mpini wa mswaki ili kupunguza mzigo, na sasa nimebeba shamba la mtu mgongoni. Tulipokezana kila kilima. Binamu aliyaita "mukubwa": sasa ni zamu yako kumbeba mukubwa.

Lakini njia ilibadilika kabisa, na siwezi kueleza vizuri zaidi ya hivi. Munaenda wapi? Mbele ya Bugarula. Kwa nani? Tunapeleka mbegu kwa binti wa mama fulani. Basi, maswali yameisha. Mtu anatikisa kichwa, anaangalia fundo, anasema mukishuka pale kwa mti mukubwa mushike mukono wa kushoto. Kijana mmoja alitubebea mzigo mlima mzima bila kuombwa, akaurudisha kileleni, akageuka kwenda zake. Siku moja kabla, kijana kama huyo angetufuata ili aone tunachimba wapi.

Tulipita makao ya Wambuti karibu na maji, nyumba ndogo zimebanana kwa sababu ardhi ya kulima hawana. Wazee wao ni watu wa msitu ule wa juu na walitolewa humo. Wanawake walikuwa wanafinyanga vyungu, wanazungusha kwa mkono tu, ukingo unatoka sawa kama umepimwa. Nilinunua kimoja kidogo. Hiyo ilikuwa akili ya saa nne asubuhi. Saa nane nilimpa mtoto njiani akanywee maji.

Mpaka kati ya Ntambuka, usultani wa kusini, na Rubenga, ule wa kaskazini, tuliuvuka bila kuuona. Ulitajwa na mzee tuliyepumzika kwake, aliyenyoosha fimbo nyuma yetu akasema kule mumekwisha kutoka. Yeye ndiye aliyetuhadithia Rwabugiri, mwami, yaani mfalme, wa Rwanda aliyekufa 1895, jinsi alivyovuka na mitumbwi yake akapigana na Kabego, mwami wa Idjwi, mpaka Kabego akauawa. Alihadithia kama jambo la mwaka jana, kwa hasira ile ile. Nikamwongezea kwamba Septemba 1914 Wajerumani nao walikichukua kisiwa kutoka kwa Wabelgiji. Akasema anajua, ila hao hawakukaa. Halafu wakimbizi wa 1994, hao nao kwa maji.

"Wote bakuyaka na mutumbwi," akasema. "Batu ya miguu, hapana. Batu ya miguu hatubaogopi."

Usiku tulilala pwani ya mashariki. Nilikuwa nimeisubiri saa hii tangu Bukavu: wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wakitoka jioni, mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, taa zinawaka, wanaimba wakipiga makasia. Sambaza si wa ziwa hili, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio wanaolisha Bukavu na Goma. Nikakaa juu ya jiwe. Hakuna aliyetoka. Mitumbwi imelala mchangani, miti yao imekaa kama pembe za panzi, na wavuvi wanashona nyavu na kucheza karata. Nikauliza kuna nini. Mmoja akanyoosha kidole juu bila kuinua macho kwenye karata zake. Mwezi ulikuwa mpevu, mweupe kama sahani. Taa inamdanganya sambaza usiku wa giza tu, na mbalamwezi ikiwaka hivyo anaogelea kila mahali na hakusanyiki. Mwalimu wa jiografia alikuwa amechagua tarehe kwa kuangalia likizo ya shule.

Kilichowaka kilikuwa ng'ambo, upande wa Kibuye. Kule Rwanda tangu 2016 kuna mtambo unaovuta metani kutoka chini ya ziwa hili hili na kuitoa umeme, megawati 26. Kwenye kijiji chetu cha usiku huo mwanga wote ulitoka kwenye paneli mbili za jua na kwenye mwezi. Binamu alichaji simu kwa jirani kwa malipo. Alipoulizwa anafanya kazi gani, alijibu, na mpaka usiku wa manane alikuwa anafungua simu za watu kwa kisu cha kumenyea ndizi.

Siku ya nne

Kosa ni langu, na naliandika hapa ili lisije kuhamia kwa binamu.

Vidole vya mguu wangu wa kulia vilikuwa vimechubuka. Mbele yetu kulikuwa na ghuba ndefu, kuizunguka ni saa tatu, kuivuka kwa mtumbwi ni dakika ishirini. Binamu alisema tuzunguke. Mwenye mtumbwi alisema upepo wa kiangazi huamka saa tano na sasa ni saa nne na nusu. Mimi nikasema tuvuke.

Katikati ya ghuba upepo uliamka mapema. Si dhoruba, wala hakuna aliyepiga kelele, ni mawimbi mafupi yanayopiga ubavu na kumwaga nusu kikombe ndani kila pigo. Ziwa hili halina mamba wala viboko, nilijikumbusha, kana kwamba hao ndio waliokuwa wanatusumbua. Nilikumbatia maharage kifuani. Wimbi moja likaja juu ya ukingo, likanimwagikia kidevuni na kushuka polepole hadi kwenye kikwembe.

Tulipofika ng'ambo nililifungua fundo kwa mikono inayotetemeka. Robo ya mbegu ilikuwa imelowa. Maharage ya mbegu yakikaa na maji yanavimba, yakivimba yanaanza kuota, na yakianza kuota mwezi Julai, Septemba hakuna kitu. Binamu hakusema neno. Mwenye mtumbwi ndiye aliyetuokoa: alituongoza mpaka kituo cha kuoshea kahawa kilichokuwa juu kidogo ya pwani. Mavuno yalikuwa yameisha, meza ndefu za kukaushia zilikuwa tupu, nyavu zake zimenyooshwa vizuri, upepo unapita juu na chini. Mlinzi akakubali. Tukayamwaga yaliyolowa, tukayatandaza moja moja, tukakaa kuyageuza kwa zamu kama wapishi wa maandazi.

Kwa hiyo siku ya nne tulitembea kidogo sana. Mlinzi alikaa nasi. Alituambia juu ya miaka ambapo kahawa ya Idjwi haikuwa na mnunuzi, wanaume wakaivusha usiku kwa mitumbwi kuiuza Rwanda, bila taa ili wasikamatwe, mitumbwi imejaa mpaka maji yanagusa ukingo. Wengi hawakurudi. Alinyoosha kidole kwenye nyumba moja, kisha nyingine, kisha akaacha. Nikakumbuka saa nne na nusu yangu, nikageuza maharage.

Chakula chetu kilikuwa kimebaki biskuti. Kufikia saa kumi njaa ilikuwa imekomaa, na mbele yetu mezani kuna maharage ya rangi zote, yanang'aa.

"Yaya," binamu akasema, "mbegu ni nini, kama si chakula kilichochelewa?"

"Usiyaguse."

"Naongea tu."

Jioni mke wa mlinzi akatuletea viazi vitamu na majani ya mihogo. Tulikula bila adabu.

Siku ya tano

Tuliamka saa kumi alfajiri. Nilikuwa nimewaahidi wanafunzi wangu picha ya volkano ya Nyiragongo kutoka kaskazini ya Idjwi, jua likichomoza. Niliona ukungu, rangi ya maji ya kuoshea sufuria. Picha nilipiga hata hivyo.

Bugarula tulipita haraka: ofisi za teritware, yaani za wilaya, maduka, muziki, pikipiki, mtu anakuuliza kama unataka kubadilisha dola. Baada ya siku nne za vijia ilinichosha kwa dakika kumi tu. Tukanunua chapati na kuendelea mbele, tukiuliza. Jina la mume lilitosha. Watoto watatu walitutangulia mbio, kwa hiyo tulipofika kwenye ua, binti alikuwa tayari amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, hajui kama aletewe furaha au msiba.

"Tumetoka kwa mama yako."

"Ni mugonjwa?"

"Mzima. Anachagua maharage."

Akakaa chini pale pale kizingitini. Alipokwisha kupumua alituingiza, akatupa viti, akachukua ungo na kulifungua fundo. Sikuwahi kuona mtu anasoma maharage. Aliyapitisha kiganja juu, akayasukuma huku na huku, akataja kwa Kihavu majina ambayo mama yake alikuwa amenitajia kwa Kiswahili. Ya njano aliyatenga kidogo, akayarudisha. Kisha kidole kikasimama. Akaokota punje moja ya madoadoa iliyokuwa na mkunjo kwenye ngozi, akainusa, akaokota nyingine.

"Ziliingia maji?"

Nikamwambia yote, ghuba, upepo, meza za kahawa. Alisikiliza huku anaokota. Alipomaliza alikuwa na punje kumi na moja mkononi. Akazitupa kwenye sufuria iliyokuwa inachemka jikoni.

"Hizi tutakula," akasema. "Zingine ziko muzuri."

Tulikula kweli, punje zile kumi na moja zimepotea kati ya maharage mengine na ndizi, pamoja na sambaza wakavu waliobaki tangu kabla ya mwezi kuwa mkubwa. Binamu alijilamba vidole. Mume alirudi kutoka shambani, akahadithiwa, akataka kujua tutalala kwa nani na tumekuja kaskazini kutembea kwa nani hasa.

"Kwenu," binamu akajibu, mdomo umejaa.

Boti la kwenda Goma lilikuwa saa tisa, na Goma tungepata la usiku la kurudi Bukavu. Nilikuwa nafunga viatu, vile vidole vinalalamika, binti alipotoka ndani. Alikuwa amekifua kikwembe cha mama yake, amekianika kwenye ukuta wa jua wakati tunakula, na sasa amekikunja vizuri kwa pembe nne. Ndani yake kulikuwa na kitu kizito kidogo. Akaniwekea mapajani.

"Hiki mama anakivaa kanisani," akasema. "Akipate mbele ya Jumapili."

Nilimtazama binamu. Alikuwa anaviangalia viatu vyake.